Postfix: barua haziendi, tuangalie foleni

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo nipo Mwanjelwa, Mbeya, na bidhaa ya leo haina boksi la kufungua. Ni Postfix, programu ya bure ya kutuma barua pepe, aliyoiandika Wietse Venema akiwa IBM miaka ya 1990. Wengi wanaisifia siku ambayo kila kitu kinakwenda. Mimi naipima siku barua zinapogoma kutoka.

Seva mnayoiona ni ya ofisi inayonunua parachichi kule Rungwe. Ankara zinatumwa, wanunuzi wanasema hawajaona kitu. Walichofanya wenyewe ni kuizima seva na kuiwasha. Wakuu, hiyo haisaidii. Foleni ya Postfix, yaani barua zinazosubiri kutumwa, inakaa kwenye diski, ukiwasha inakuta mzigo uleule.

Andika mailq, amri ya kuonyesha foleni. Ngoja nivute karibu. Mwanzo ni namba ya barua, kisha ukubwa wake, muda ilipoingia, na mtumaji. Hapa chini, kwenye mabano, ndipo penye sababu: "Connection timed out", na kabla yake mmeona ile :25? Maana yake seva inabisha hodi Gmail kwa poti 25, mlango ambao seva hupeana barua, na haijibiwi. Hapa naipa maksi zote, inakutajia kinachoisumbua bila mafumbo. Kwenye Ubuntu, fungua pia /var/log/mail.log, kumbukumbu ya kila barua. Ukikuta dsn, yaani namba ya matokeo ya barua, inaanza na 4, tatizo ni la muda na itajaribu tena yenyewe. Ikianza na 5, imekataliwa, usipoteze muda kuilazimisha.

Hapa poti 25 imefungwa na kampuni ya intaneti. Kampuni nyingi hufanya hivyo kuzuia spamu, na siwalaumu, ingawa wangemwambia mteja mapema. Dawa ni kupitishia barua kwenye seva ya kati kwa poti 587, yenye jina na nywila. Nenda main.cf, faili kuu la mipangilio ya Postfix, weka relayhost, yaani seva ya kupitishia, na jina la hiyo seva lifunge kwa mabano ya mraba, hivi: [jina-la-seva]:587. Ukiyaacha, Postfix itaenda kutafuta rekodi ya MX ya jina hilo, ile inayotaja seva ya kupokea barua zake, na unaweza kuishia kwenye mashine nyingine kabisa. Ukishaandika nywila kwenye faili lake, endesha postmap juu yake ili Postfix iweze kulisoma, halafu postfix reload. Sasa postqueue -f, amri ya kujaribu kutuma foleni yote... haya, zinatoka.

Lawama yangu ni moja, na ni kubwa. Postfix ikishindwa kutuma inang'ang'ana kwa siku 5, na ilivyosetiwa kiwandani haimwambii mtumaji chochote mpaka ziishe. Karani anajua ankara imefika, kumbe imelala hapa. Weka delay_warning_time = 4h. Kwa nini haiji hivyo tangu mwanzo, sielewi.

Kuhusu domeni: tangu Februari 2024 Gmail inadai kila mtumaji awe na SPF (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua), na anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku awe na zote mbili pamoja na DMARC (sera ya nini kifanyike barua ikishindwa ukaguzi huo). Mkianza kutumia seva ya kati, iongezeni kwenye rekodi yenu ya SPF.

Kama hutaki kugusa laini ya amri, hii siyo yako, lipia huduma iliyo tayari. Waliokwama, bandikeni kwenye maoni mstari wa mail.log wenye neno status, ila futeni kwanza anwani za wateja wenu.