Land Rover 109 ya kuunganisha: nimeijenga, nimeiharibu, nimeikata

Napuliza rangi magari kwenye gereji moja ya Unga Limited, hapa Arusha. Mchana napiga msasa Land Cruiser za kupeleka wageni mbugani. Usiku, watoto wakishalala, napiga msasa Land Rover yenye urefu wa sentimita kumi na nane na nusu. Mke wangu ameshachoka kuuliza. Jirani akija kunitafuta anamwambia tu, "Yupo gereji," halafu anaonyesha mlango wa chumba cha nyuma.

Ninachokieleza hapa ni sanduku la Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, kwa kipimo cha 1/24. Kila kitu kimepunguzwa mara ishirini na nne. Unapewa vipuri vya plastiki vikiwa vimeshikana kwenye fremu zake, unakata, unasugua, unagundisha, unapaka rangi mwenyewe. Jina la kampuni naliacha. Nimejenga gari lao la aina moja tu na malalamiko ninayo, kwa hiyo si haki kuwatia doa kwa gari moja.

Kupatikana kwake ni hadithi. Mshikaji wangu mmoja, dereva wa utalii, alimwomba mgeni wake alibebe kwenye begi, likanigharimu shilingi 95,000. Gundi na rangi zake hazikuja, maana hivyo ni vitu vya kushika moto na kwenye ndege havitakiwi. Kama unaagiza, kumbuka hilo mapema, la sivyo utabaki unalitazama sanduku wiki nzima kama mimi.

Kabla ya kukata chochote nilichukua rula. Gari halisi lina inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, sawa na milimita 2,769. Gawanya kwa 24, unapata 115. Nilipima fremu ya plastiki nikakuta 115 kamili. Hapo niliwapa heshima yao. Chesisi imefinyangwa vizuri, springi zinaonyesha kila bapa, difu ya nyuma ina hata kile kitumbo chake. Grili ni ile ya plastiki ya Series III, siyo wavu wa chuma wa zile za zamani, na taa za mbele zimekaa kwenye mabawa, yaani madigadi, panapostahili. Aliyechora hii gari alilala chini yake, hakuangalia picha tu.

Tatizo nililiona nilipofika ndani. Usukani uko kushoto, na hakuna kipande kingine cha kuuhamishia kulia. Nilimwonyesha baba, ambaye aliendesha 109 ya serikali miaka na miaka, akapakata lile gari kama kifaranga, akachungulia dirishani, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, hapa dereva ndiye utingo?" Nikamwambia ni ya Ulaya hiyo baba. Akasema, "Basi warudishieni."

Sikurudisha. Nililikata dashibodi katikati nikaligeuza, kazi ya jioni mbili, na pedali nikazitengeneza upya kwa mabaki. Lakini hili si jambo la kumwachia mnunuzi. Gari lilitengenezwa Uingereza, wanakoendesha kwa upande uleule wa kwetu! Kipande kimoja zaidi kwenye fremu kingemaliza maneno.

Sasa niungame aibu yangu. Miaka kumi na moja napuliza rangi, nikajiona sihitaji kusoma karatasi ya maelekezo. Nilichanganya rangi ya gari na thina ya gereji, ile ile ya kila siku, nikapuliza boneti koti moja la kushiba. Asubuhi boneti lilikuwa na nyufa ndogondogo kama tope lililokauka Manyara. Thina ya gereji inakula plastiki hii. Bati haliijui, plastiki inaijua. Niliiloweka boneti kwenye mafuta ya breki, rangi yote ikavuka bila plastiki kudhurika zaidi, nikasugua kwa msasa wa maji namba 800 mpaka nyufa zikaisha. Mara ya pili nilianza na praima, nikipuliza kwa mbali, makoti mepesi kama ukungu, nikiacha kila koti likauke kabla ya lingine. Ilikuwa Julai, na wa Arusha wanajua Julai yetu: rangi ilichukua siku mbili kukauka kwa sababu ya baridi, nikaishia kuliweka gari juu ya friji, upande wa nyuma unaotoa joto.

Ila thina hiyo hiyo ilikuja kunifaa. Vile vijiti vya fremu vinavyobaki usivitupe. Vikatekate, vitie kwenye chupa ndogo ya kioo, mimina thina kidogo, funga, acha usiku kucha. Unapata uji mzito ambao ni gundi na ni pati kwa pamoja, na ukikauka unakuwa plastiki ileile. Fungua dirisha tu, harufu yake si ya mchezo.

Jambo jingine nataka kuwaambia wenzangu wanaojenga, na hapa nazungumza kama mtu wa bodi. Naona picha nyingi za Land Rover za plastiki zimepakwa kutu nyekundu kwenye mabawa na milango. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haitoi kutu nyekundu hata uiache Tanga ufukweni. Rangi ikichubuka unaona weupe wa bati, basi. Kinachooza ni chesisi, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na dereva, hasa pale miguuni. Paka kutu huko. Kwenye bodi weka michubuko, mikunjo, na vumbi. Vumbi langu ni la kweli, nimelichekecha kwa kitambaa cha soksi: jekundu la kupandia Ngorongoro kwenye matairi na chini ya milango, na lile jeupe la uwanda wa kuelekea Naabi, lango la Serengeti, kwa juu kidogo, maana ndivyo gari linavyorudi likitoka safari. Linavaa vumbi jekundu kwanza, jeupe linafuata.

Nilipomaliza la kwanza nikapata sanduku la pili, nikafanya nilichokuwa nataka tangu mwanzo: nikaikata katikati.

Kwa asiyejua, magari mengi ya safari unayoyaona Arusha hayakutoka kiwandani vile. Linakuja Land Cruiser la kawaida, mafundi wanakata chesisi, wanaongeza kipande, wanaunga, wanarefusha bodi, wanaweka safu nyingine ya viti na paa la kunyanyuka ili mgeni asimame apige picha. Hanspaul wanafanya hiyo kazi hapa mjini, na gereji nyingine ndogo pia, na Land Rover nyingi zilipitia msumeno huohuo. Mimi nilifanya kwa plastiki wanachofanya wao kwa chuma. Niliongeza milimita 25, ambazo kwenye gari halisi ni sentimita 60. Kipande cha chesisi nilikichonga kutoka kwenye fremu tupu. Vioo vya madirisha ya pembeni nilivitoa kwenye kasha la CD, ambalo ni plastiki ya jamii hiyo hiyo na linashika ule uji wangu vizuri. Paa ndilo lililonitesa. Nguzo zake nne zikipishana hata nusu milimita linakaa kama kofia ya mlevi. Nililibandua mara tatu.

Na hapa ndipo kilio changu kwa watengenezaji kinapoanzia. Kutengeneza kalibu ya chuma ya gari jipya ni gharama kubwa, najua, ndiyo maana kampuni hizi kalibu moja wanaitumia kwa masanduku mengi: leo gari la polisi, kesho la zimamoto, keshokutwa la mashindano. Sawa. Basi siombi gari jipya. Naomba fremu moja ya ziada. Chukueni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoanza 1984 na bado linaenda, lenye ile injini ya dizeli ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2. Wekeni kipande cha kurefusha chesisi, paa la kunyanyuka, viti vya safu tatu, tairi mbili za akiba mlango wa nyuma, keria, bomba la hewa lililopandishwa pembeni ya kioo cha mbele, na usukani kulia tafadhali. Hilo ndilo gari linalostahili kutoka kabla ya lingine lolote.

Mtu ataniambia, nani atalinunua? Waafrika wangapi wanajenga haya? Wachache, nakubali, hapa mjini nawafahamu wawili nikiwemo mimi. Lakini simama barabara ya Makuyuni saa moja asubuhi mwezi wa nane uhesabu Wajerumani, Wafaransa na Wamarekani waliokaa ndani ya hayo magari. Mgeni anakaa kwenye kiti hicho siku tano, sita. Simba anamwona dakika ishirini. Wakienda soko la Wamasai kununua zawadi, wengi wanaondoka na kigari cha mbao, na kile kigari ni Land Rover yenye wageni wanaochungulia juu. Soko lipo tayari, ni kwamba linahudumiwa na wachonga mbao.

Halafu kuna Hiace. Hii wala haihitaji maneno mengi: Aoshima wa Japani wanayo Hiace kwa kipimo hichohicho, gari safi, lakini ni ya mtu binafsi mwenye rimu za kung'aa. Mimi naitaka ile ya daladala, inayotoka Kilombero kwenda Kwa Mrombo hapa Arusha, yenye mstari wa rangi ubavuni, mlango unaofunguka huku konda amening'inia, na stikari za maneno kwenye kioo cha nyuma. Karatasi ya stikari tu, haiwagharimu kitu.

La mwisho ni la moyoni. Hasegawa, kampuni nyingine ya masanduku haya, wamewahi kutoa Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally ya 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na watu dunia nzima wanaijenga, pamoja na wasioweza kuonyesha Afrika Mashariki ilipo kwenye ramani. Vizuri sana. Lakini 1966 na 1967, mbio hizo zikiitwa East African Safari na zikipita mpaka nchini kwetu, mshindi alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, kwenye Peugeot 404. Miaka miwili mfululizo! Pijo la kawaida la familia, lile ambalo wazee wetu waliliheshimu kuliko gari lolote. Nataka sanduku la 404 ya Shankland, matope yake na namba yake ubavuni, liwekwe rafu moja na ile Datsun. Lori la Nyumbu, lile lililotengenezwa hapa nchini Kibaha, nalo nilitaka kuliombea hapa, ila najua nikiomba sana sitasikilizwa hata hilo moja.

Kuhusu sanduku lenyewe nililolinunua: kama unataka Land Rover iliyopimwa sawasawa, nunua, vipuri vinashikana bila ugomvi na chesisi ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Kama ni mara yako ya kwanza, fahamu kwamba usukani utakuumiza kichwa, stikari zina namba za Ulaya tu, na matairi ni ya lami wakati gari ni la porini. Naipa tatu na nusu kati ya tano. Ingekuwa nne kama wangeniwekea usukani.

Ile niliyoirefusha nilimpelekea baba Jumapili iliyopita. Alivaa miwani, akahesabu viti, akanyanyua paa kwa ukucha, akalishusha. Akageuza gari akatazama chini, akatazama nyuma, akatazama juu ya keria. "Nzuri," akasema. "Jeki ya Tanganyika iko wapi?"

Ni ile jeki ndefu ya chuma yenye matundu, ya kunyanyulia gari porini. Sikuwa nayo. Nimepiga hesabu, ile ya futi nne kwa kipimo hiki ni sentimita tano na kidogo, na natafuta njiti ya chuma nyembamba ninayoweza kuitoboa matundu.