Laptopu ya zamani na kazi ya picha: kipi ununue kwanza, kipi uache

Msimu wa harusi na mahafali ukifika hapa Mwanga, Kigoma, wateja huingia studio na flashi mkononi na haraka miguuni. Siku moja shangazi wa bibi harusi alikaa kwenye benchi langu, kanga begani, akitaka picha kumi tu za kurusha kwenye kundi la familia. Nabofya picha, kiduara kinazunguka. Nabofya nyingine, kinazunguka. Akaniangalia, akaiangalia mashine: "Mwanangu, hiyo inasali?"

Nilicheka, lakini jioni ile nilianza kuuliza bei za laptopu nyingine, na bei zikanirudisha kwenye ile ile niliyo nayo. Bahati nzuri laptopu nyingi za ofisini za miaka ya 2013 hadi 2017, zile ThinkPad, Latitude na EliteBook zinazokuja za mtumba, zinafunguka kwa bisibisi na vipuri vyake vipo. Nimepanga vitu hapa kwa faida yake kwenye kazi ya picha, si kwa urahisi wa bei. Mpaka wangu ni mmoja: matengenezo yote kwa pamoja yakizidi theluthi ya bei ya laptopu nzuri iliyotumika, naacha.

Kabla pesa haijatoka mfukoni

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja lifunguke dirisha la Task Manager, kisha fanya kazi yako ya kawaida huku ukitazama namba zinazotokea. Diski ikiganda kwenye asilimia 100 huku vingine vimetulia, shida yako ni diski. Kumbukumbu ikipita asilimia 90, ni RAM. Prosesa ikijaa peke yake muda wote, hakuna kipuri kitakachokusaidia sana, ruka hadi mwisho wa mwongozo huu.

Kuna dalili ya nne ambayo namba hizo hazionyeshi vizuri: mashine inaanza vizuri asubuhi, baada ya nusu saa ya kazi inakuwa nzito na feni inalia kama boti ya Kibirizi. Hilo ni joto. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Vumbi letu la kiangazi ni jekundu na laini, linapita popote. Fundi alipofungua yangu, feni ilionekana safi kabisa, nikadhani nimelipa bure. Akaichomoa. Nyuma yake, kwenye vile vibati vyembamba vinavyotoa hewa, vumbi na nyuzi za nguo vilikuwa vimeshikana kama kipande cha blanketi. Alikitoa kizima kwa kibanio akaniwekea kiganjani. Kisha akafuta pesti ya prosesa iliyokuwa imekauka na kuwa unga, akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Sijawahi kulipa pesa ndogo ikanirudishia kiasi kile. Ila usikubali mtu apulize kwa kompresa ya gereji bila kuishika feni kwa kidole: upepo ule unaizungusha kupita uwezo wake, na kompresa nyingi hutema maji.

Nafasi ya kwanza: SSD

Kama bado una diski ya zamani inayozunguka, usisome mengine. Anza hapa.

Diski ile ina sahani na kichwa kinachotembea juu yake, kama sindano ya santuri. Ya mizunguko 5,400 kwa dakika husoma MB 100 hivi kwa sekunde, SSD, yaani diski ya chipu isiyozunguka, ya aina ya SATA hufika MB 500 hivi. Watu hutaja hiyo mara tano, lakini si hiyo inayokutoa jasho. Lightroom, programu ya kuhariri picha, ikifungua folda la harusi husoma vipande vidogo maelfu vilivyotawanyika huku na huko, na kichwa cha diski hakiwezi kuruka zaidi ya mara mia na kitu kwa sekunde. SSD haina kichwa cha kuhamisha, inafanya makumi elfu. Ndiyo maana laptopu ile ile, prosesa ile ile, inaonekana kama imezaliwa upya.

Ukubwa: piga hesabu ya kazi zako. Harusi ya picha 800 za RAW, yaani faili ghafi za kamera, kila moja MB 25, ni GB 20 kabla hujagusa chochote. SSD ya GB 240 ukishaweka Windows na programu, inabaki na nafasi ya harusi chache, na SSD ikijaa pomoni inapungua kasi. Mimi nashauri GB 480 au 500. TB 1 ni nzuri, lakini pesa ya ziada ina kazi bora kwenye RAM.

Umbo ndipo wengi wanapopotea. Laptopu za zamani huchukua SSD ya inchi 2.5, na ya unene wa milimita 7 huingia karibu kote. Zile za karibuni zina tundu la M.2, lakini M.2 zipo za aina mbili, SATA na NVMe, na kwa macho zinafanana kama dagaa wa fungu moja. Tundu linalokubali SATA tu halitaiona NVMe hata uisukume vipi. Tafuta kwanza maelezo ya modeli yako kamili, si jina la kampuni tu. Na MacBook Air za 2013 hadi 2017 zina kiunganishi chao wenyewe, hivyo M.2 ya kawaida haiingii bila adapta.

Kama laptopu yako ina sehemu ya DVD, usiidharau. Kuna fremu ndogo inayoingia pale na kubeba diski yako ya zamani, ili SSD ikae mahali penye kasi na picha za mwaka jana zikae pembeni. Fremu zipo za milimita 9.5 na 12.7, pima kwanza.

Ukishapewa SSD, ichunguze kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Inaonyesha saa ambazo diski imekwishafanya kazi. "Mpya" yenye saa 9,000 si mpya.

Nafasi ya pili: RAM

Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa Photoshop kwa biti 16 huchukua MB 144 kwa tabaka moja: nukta milioni 24, rangi tatu, baiti mbili kila rangi. Weka tabaka tano za kulainisha ngozi na kubadili anga, umekula MB 720 kwa picha moja, na kivinjari kimefunguliwa nyuma na Windows yenyewe ina njaa yake. GB 4 haitoshi. GB 8 inafanya kazi, na ndicho kiwango cha chini ambacho Adobe wenyewe wanakitaja kwa Lightroom Classic. GB 16 ndiyo raha.

Kabla hujanunua, hakikisha Windows yako ni ya biti 64. Bado nakutana na laptopu zilizowekewa ya biti 32, na hiyo haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ukijaza RAM ya GB 16. Ile ile dirisha ya Ctrl, Shift na Esc, kwenye sehemu ya kumbukumbu, inakuonyesha matundu mangapi yanatumika. Ikiwa ni moja kati ya mawili, ongeza kipande cha pili chenye ukubwa sawa na cha kwanza: vikiwa viwili vinafanya kazi sambamba, na laptopu isiyo na kadi yake ya grafiki inafaidika zaidi.

Sasa nieleze kosa langu. Laptopu yangu ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne. Niliagiza RAM ya DDR3 kwa muuzaji wa Dar, tukakubaliana kwa simu, kifurushi kikapanda basi. Kilipofika nikakichomeka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikafuta meno ya shaba kwa raba, nikabadilisha tundu, wapi. Fundi alichukua kile kipande akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha: "Kaka, hapa pameandikwa PC3. Yako inataka PC3L." Herufi moja. PC3 ni ya volti 1.5, PC3L ni ya volti 1.35, na vinaingia tundu lile lile bila kipingamizi. Muuzaji hakudanganya, mimi ndiye niliyesema "DDR3" nikaishia hapo. Nauli ya kukirudisha ilinifundisha kusoma lebo. DDR4 angalau haina mtego huo, mkato wake uko pengine, haiingii kwenye tundu la DDR3.

MacBook Air zote, na MacBook Pro zenye kioo cha Retina, RAM yake imechomelewa kwenye mazabodi. Hapo hakuna cha kununua.

Nafasi ya tatu: diski ya akiba

Haiongezi kasi hata kidogo, nimeiweka kabla ya kioo kwenye orodha hii kwa makusudi. Diski ya laptopu ya miaka kumi inaweza kufa leo usiku, na harusi ya mtu hairudiwi. Nunua diski ya nje ya USB 3.0, au chukua ile uliyoitoa uitie kwenye kasha la USB, mradi CrystalDiskInfo inaiandikia hali nzuri, si ile rangi ya njano ya onyo. Nakala moja ikae studio, nyingine nyumbani. Na ukiona diski ya nje ya "TB 16" inauzwa bei ya sahani chache za migebuka, pita. Ndani mna flashi ndogo iliyodanganywa ijitangaze kubwa, inapokea picha zako zote na kuzipoteza kimya. Programu ya H2testw huifichua, ikiwa umeshaingia mkenge.

Nafasi ya nne: kioo cha nje

Laptopu nyingi za wakati ule zina kioo cha TN. Kiinamishe nyuma kidogo uone: uso wa mtu unabadilika kutoka mweusi hadi wa majivu. Kwa sisi tunaopiga watu wa ngozi nyeusi waliovaa shela jeupe, hiyo ni hatari. Unaona uso umefifia, unauangaza, unauangaza tena, na ukichapa shela limekuwa bati tupu lisilo na mikunjo. Monita ya mezani iliyotumika, ya aina ya IPS, inchi 22 hadi 24, inamaliza ugomvi huo. Iunganishe kwa HDMI au DisplayPort kama zipo, VGA iwe ya mwisho. Bandika ukutani picha moja uliyochapa ikatoka vizuri, karibu na kioo, na punguza mwanga wa kioo hadi vifanane.

Nafasi ya tano: betri

Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili utaielewa betri. Andika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri, ulinganishe uwezo wa kiwandani na uliobaki. Chini ya nusu, badilisha. Padi ya kipanya ikianza kuinuka, usisubiri ripoti: betri imevimba, itolewe siku hiyo hiyo.

Yasiyo na gharama, na ya kuacha

Ndani ya Lightroom tengeneza Smart Previews, yaani nakala ndogo za picha, na uweke mpangilio wa kuhariri kwa kutumia hizo badala ya faili halisi. Zina pikseli 2,560 kwa upande mrefu, mashine inapumua, na picha ya mwisho inatoka kwenye faili kamili ukiwa umeunganisha diski yenye faili hizo. Asiyetaka kulipa kila mwezi ana darktable na RawTherapee, zote bure. Kwenye mashine dhaifu mimi napendelea RawTherapee, darktable hunoga zaidi ikiwa na kadi ya grafiki.

Usinunue meza ya feni kabla hujasafisha ndani. Usinunue programu ya "kuongeza kasi". Prosesa ya laptopu nyembamba imechomelewa, fundi akikuahidi kuibadilisha mwulize ataitoa wapi.

Theluthi ikipita

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 haina tena matoleo ya kawaida ya usalama ya bure, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya zamani inaweza kubaki ya picha tu, bila mambo ya benki, au ikawekewa Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, pamoja na darktable na RawTherapee. Lakini kama prosesa ndiyo inayojaa, au ni Celeron, ile prosesa dhaifu ya Intel, nunua nyingine, na usishawishike na kizazi cha saba kwa sababu ni rahisi kidogo. i5-7200U ya kizazi cha saba ina viini viwili, i5-8250U ya cha nane ina vinne. Tafuta EliteBook 840 G5, Latitude 7490 au ThinkPad T480, zote zina matundu mawili ya RAM. T480s ni nyembamba na inapendeza, ila sehemu ya RAM yake imechomelewa.

Kwa wanaoagiza Kariakoo: kabla hujatuma pesa, muuzaji akutumie picha ya lebo ya RAM au SSD isomeke hadi herufi ya mwisho, na kama ni laptopu, video fupi ya dirisha lile la Ctrl, Shift na Esc likiwa wazi. Mwenye mzigo mzuri hutuma ndani ya dakika tano. Yule wa nne niliyemwomba alikata simu.