Miezi 14 kwenye fleti ya wastaafu Milton Keynes, Uingereza: nyota tatu na nusu

Siku niliyomwambia mdogo wangu kwa simu kwamba nimeuza nyumba na nahamia kwenye fleti za wastaafu, alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza pole pole, "Dada, watoto ndio wamekupeleka Sebleni?"

Kwa wasioijua Unguja, Sebleni kuna nyumba za wazee za serikali, anakokwenda mtu asiye na wa kumtazama. Hapa sivyo kabisa. Nina mlango wangu, ufunguo wangu na jiko langu, na hakuna anayenipikia uji wala kunihesabia vidonge. Tofauti na fleti nyingine ni kwamba sote humu tumeshatimiza miaka 60, chini kuna sebule ya pamoja, kuna lifti, kuna msimamizi anayekuja asubuhi za siku za kazi, na kila chumba kina kamba nyekundu ya kuvuta ukipatwa na jambo. Kampuni inayoendesha jengo siitaji jina, maana nina maneno nayo.

Nimetoka nyumba ya vyumba vitatu niliyokaa miaka 31. Mume wangu alipofariki nikabaki na ngazi 13 na goti moja bovu, nikawa nalala kwenye kochi ili nisipande juu. Hapo nikajua nyumba imenishinda. Fleti hii ina chumba kimoja, sebule, na jiko ambalo nikinyoosha mikono nagusa kuta zote mbili.

Kabla ya kuhama, binti yangu alinifundisha jambo moja lililoniokoa. Tulipima kila samani, tukakata magazeti kwa kipimo kile kile, tukayagundisha kwa selotepu, tukaenda kuyatandaza kwenye sakafu ya fleti tupu. Gazeti la kochi la watu watatu likaziba mlango wa jikoni. Gazeti la kabati la vyombo halikupata pa kukaa hata tulipoligeuza mara nne. Nilisimama juu ya magazeti yale nikiwa na hasira kama ninayefukuzwa, lakini heri kugombana na gazeti kuliko na wabebaji wa kochi kwenye lifti.

Watoto, niwaambie ukweli, hawataki vitu vyetu. Nilikuwa na sahani 40 za maulidi, seti mbili za vikombe vya kahawa na zulia nililobeba mwenyewe kutoka Maskati. Kijana wangu akaniambia, "Mama, hivi tutaviweka wapi?" Nikanuna wiki nzima. Mwishowe mapipa mawili ya buluu yalikwenda Unguja kwa meli, mengine duka la hisani, na zulia nimelikunja liko ukutani nyuma ya mlango. Mbuzi yangu ya kukunia nazi sikuitoa. Miaka mingi sasa natumia nazi ya kugandishwa ya pakiti, mbuzi siigusi, lakini iko chini ya kitanda na itabaki huko. Kosa langu ni kulitoa sufuria la pilau la kilo tano. Ramadhani ilipoingia nikajikuta naomba sufuria kwa binti yangu kama mwari.

Sasa kamba nyekundu. Wiki ya pili niliamka kabla ya alfajiri kutia udhu. Mabafu ya Uingereza taa huwashwa kwa kamba, na hapa ziko mbili, nyeupe ya taa na nyekundu ya dharura. Gizani nikavuta nisiyoijua. Mara kisanduku cha ukumbini, ambacho kamba huita kituo cha dharura kupitia kwake, kikaanza kulia, kisha kikatoa sauti ya mwanamke wa kituo hicho, ananiita kwa jina langu la ukoo, anauliza kama nimeanguka. Niko na kanga moja, maji yanachuruzika viwikoni. Nikapiga kelele kuwa nimesimama, sina neno. Akaniuliza mara tatu kama nina hakika, na hakukata mpaka nilipomweleza nakwenda kuswali.

Niliona haya, lakini muuguzi ndani yangu alifurahi. Nimefanya kazi wodi ya wazee miaka 22. Nimewapokea watu waliovunjika nyonga wakalala sakafuni usiku kucha, simu iko mezani na mkono haufiki. Kwa hiyo nikiingia kwa jirani nikakuta kamba imefungwa juu ili isimsumbue akifagia, naifungua bila kuomba ruhusa. Kamba lazima ifike chini. Aliyeanguka haivuti akiwa amesimama.

Jambo moja la kuuliza kabla hamjalipa: visanduku hivi vingi vilitegemea laini za simu za zamani, na laini hizo Uingereza zinazimwa zote ifikapo Januari 2027. Ulizeni kama cha kwenu kimeshabadilishwa. Chetu kilibadilishwa baada ya wakaazi kuandika barua mara tatu.

Tuje kwenye pesa, ambapo nyota moja nzima imeanguka. Fleti yenyewe nilinunua ya mkono wa pili, na sijuti, kwa sababu mpya kutoka kwa mjenzi hununuliwa ghali na mara nyingi ikauzwa kwa hasara. Lakini hununui ardhi, unanunua miaka. Mkataba wangu ulianza na 125, imebaki 93. Kila mwezi nalipa ada ya huduma pauni 268. Humo mna msimamizi, lifti, bustani, usafi wa korido, bima ya jengo na kile kisanduku. Umeme na kodi ya halmashauri ni juu yangu. Ada hupanda kila mwaka, na barua ya kupanda huja na picha ya bibi anayecheka.

Halafu kuna kodi ya kiwanja, anayolipwa mwenye ardhi ambayo jengo limekaa juu yake. Sheria ya 2022 imeifuta kwa mikataba mipya, na kwa nyumba za wastaafu ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 2023, ila sisi wa mikataba ya zamani tunaendelea kulipa. Ukiuza, wanakata asilimia 1 ya bei. Na hili wengi hawalijui: ukifa, ada ya huduma haifi nawe. Warithi wanalipa kila mwezi mpaka fleti ipate mnunuzi. Nimewakalisha watoto wangu wote watatu nikawasomea ukurasa huo. Hawakupenda, lakini wamesikia.

Wageni nao. Kuna chumba cha wageni, pauni 20 kwa usiku, kisafi, kina birika na taulo. Mdogo wangu alitaka kuja miezi mitatu. Mkataba hauruhusu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe huja kwa barua pepe ya msimamizi. Akakaa kwa binti yangu, tukawa tunaonana kwa basi, kupita kipilefti baada ya kipilefti. Hilo sijalisamehe.

Majirani ni watu wazuri. Jumanne kuna kahawa sebuleni, Alhamisi bingo, ambayo siendi kwa kuwa wanachezea pesa. Bwana wa namba 12, dereva wa basi mstaafu, ndiye aliyenifundisha mashine gani ya kufulia inakula nguo. Kibla kinaangukia kwenye pembe ya kabati, msala unaenea mshazari, si tatizo.

Kilichonishinda ni misiba. Tangu nije wamefariki majirani watatu. Ninachoona ni karatasi ndani ya lifti, na kadi kwenye meza ya ukumbini ya kutia saini. Mara ya kwanza nilijifunga ushungi nikashuka na chupa ya chai, nikitarajia kukuta watu wamekaa. Korido tupu. Nikabisha, akafungua mtoto wa marehemu na mfuko wa taka mkononi, akaniangalia. Nikampa chai. Tukanywa tumesimama, kisha nikamsaidia kukunja shuka.

Namba 6 imewekwa sokoni wiki iliyopita, kwa anayetafuta. Ni ya chini, haihitaji lifti, lakini dirisha la chumbani linatazama mapipa ya taka, na gari la taka linakuja Jumatano saa moja asubuhi. Bora msubiri namba 11.