Carbonara bila krimu, Muyenga: uzoefu wangu

Wenye mnakaa Muyenga na Kabalagala hapa Kampala mnajua, hoteli nyingi zina mgahawa ili tu mgeni asilale njaa, kuku na chipsi, mchana matoke na binyebwa (mchuzi wa karanga), basi. Hii ya mtaani kwetu wameweka mgahawa wa Kiitaliano kabisa, na una mlango wake wa barabarani, hupiti mapokezi, unaingia hata na sendo zako na hakuna anayekuangalia vibaya.

Nianze na carbonara, tambi za sosi ya mayai, maana hapo ndio napimia mpishi. Kampala hii sehemu nyingi wanakumwagia krimu mpaka tambi zinaelea kama ziko kwenye uji, na carbonara ya Roma haina krimu hata tone, ni viini vya mayai, jibini la pecorino, pilipili manga na nyama ya shavu la nguruwe, wenyewe wanaita guanciale. Hapa guanciale hawana, wanatumia bekoni, na weita alinieleza kabla sijaagiza, hilo nilimheshimu sana. Lakini sosi ni yenyewe, yai na jibini vimechanganywa na maji ya tambi, imeshika vizuri na yai halijagandamana. Tambi nazo bado zina ugumu kidogo katikati, mke wangu akadhani hazijaiva akataka zirudi jikoni, nikamwambia mama watoto onja kwanza. Ameonja na amezimaliza.

Pizza ndio iliniudhi. Jiko ni la kuni na unga wameuacha ukaumuka vizuri, pembeni umebabuka kidogo inavyotakiwa, shida ni kwamba jikoni hapohapo wanapika na vyakula vya wageni wa vyumbani na siku ya Ijumaa vya vyumbani vinapewa nafasi ya kwanza, kwa hiyo margherita yetu niliiona kwa macho yangu imekaa kaunta inamsubiri mtu wa kuileta. Pizza ya Napoli inaiva kwa sekunde 60 hadi 90 tu, sasa kitu kama hicho ukikiacha kipoe jibini linakuwa mpira na kazi yote ya mpishi imepotea. Shilingi 38,000 siyo pesa ndogo jamani. Waweke mtu wa kubeba pizza tu, hata mmoja.

Halafu kahawa. Espresso yao ni nzuri ila wanatumia ya kopo kutoka Italia, na Italia kwa miaka mingi ndio mnunuzi mkubwa wa kahawa ya Uganda, robusta yetu ndio wanachanganya kwenye espresso ili lile povu la juu liwe zito. Masaka hapo si mbali, robusta imejaa, kwa nini tulipie kopo? Nimemwambia meneja, bila ugomvi, akasema atawaulizia wakaangaji wa kahawa wa hapa Kampala.

Carbonara ni 45,000 na inashibisha. Nendeni katikati ya wiki, jikoni hawana presha na pizza inafika ikiwa moto.