Friji ya Boti Imezeeka? Itazame Hii Taa Kwanza

Haya wapendwa, karibuni tena. Hizo nyundo mnazozisikia ni mafundi wa majahazi hapa Nungwi, wanatia kalafati, siwezi kuwanyamazisha. Leo ni friji. Nahodha wa boti hii kaambiwa na fundi: gesi ya kupoza imekwisha, nunua friji mpya. Jamani! Kila friji ikigoma ni gesi! Hata mita ya kupimia umeme hakuitoa mkobani.

Humu ndani mna kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupoza, ni Danfoss BD35, volti 12. Mambo ya lita na rangi mnayajua, tuyaruke. Ukikuta jina la Danfoss jua ni ya kitambo, maana biashara hiyo iliuzwa mwaka 2010, siku hizi ni Secop. Sogeza kamera huku nyuma. Zaidi. Hapo hapo.

Mnaiona bodi hii ya umeme ubavuni mwa kompresa? Ina alama za kufungia waya. Hii chanya, hii D. D watu wanaipita tu! Nachukua kitaa cha LED cha miliampea 10, nakifunga kati ya chanya na D. Nawasha. Subirini... kompresa inataka kuamka... imekata. Haya, hesabuni nami: taa inawaka na kuzima mara moja. Kimya. Mara moja tena. Ingekuwa mara mbili, feni inavuta umeme kupita kiasi. Tatu, mota imeshindwa kuanza. Nne, mota imelemewa. Tano, bodi imepata joto. Mara moja? Umeme haufiki! Friji inajisema yenyewe, halafu mtu anakuja na mtungi wa gesi.

Mita sasa. Kwenye betri, volti 12.6. Safi. Kwenye bodi, ikijaribu kuwaka... oneni, 10.2! Ikishuka chini ya 10.4 bodi inakata, isiimalize betri. Umeme umepotelea njiani, kwenye waya huu mwembamba kama tambi. Na ncha yake, vuta karibu, shaba imekuwa kijani kwa chumvi. Kwa volti 12, waya ukienda mita 4 uwe wa milimita za mraba 4, mita 6 uwe wa 6. Aliyeifunga friji hii katia waya wa taa.

Nafunga waya mpya. Nawasha. Shhh... sikieni! Huo mvumo, mwaaa, naupenda.

Najua mtaandika hapo chini: si bora friji ya nyumbani na inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? Bei yake inavutia, sikatai, na boti inayolala gatini penye umeme itafaa. Ila ukitia nanga, inveta inakula betri hata friji ikiwa imepumzika. Sola yako iwe ya kutosha kweli kweli.

Ah, ile video ya injini za kupachika mliyoidai, inakuja, nimekwama kwenye kuihariri. Bonyezeni kengele.

Friji mpya ningenunua lini? Lebo ikisema gesi yake ni R12, nisingehangaika nayo, gesi hiyo ilishapigwa marufuku. Hii ni R134a. Au povu la ukutani mwa friji, linalozuia joto lisiingie, likilowa. Nabonyeza hapa, kukavu. Kona hii ya chini... mmh, inabonyea kidogo. Povu likinywa maji kompresa inakimbia kutwa. Bado inavumilika. Nahodha, pesa ya friji iweke akiba ya betri.