Friji ya gesi R600a: naipa nyota 4, ila fundi umchague vizuri

Jamani ukienda Kariakoo kununua friji usiangalie rangi na milango tu, geuza nyuma usome stika ya gesi ya kupozea iliyo ndani yake. Hii yetu ya dukani ni R600a, yaani isobutani, haina kelele, soda zinapoa fresh hata na hili joto la Dar na luku haikimbii kama kwa ile ya zamani. Ila kilichonifurahisha zaidi ni hiyo gesi yenyewe, maana R134a iliyojaa kwenye mafriji ya zamani kilo moja ikivuja inapasha dunia joto kuliko kilo 1,300 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, hii R600a haifiki hata 5, na ndo maana nchi zilikaa Kigali 2016 zikakubaliana kupunguza gesi za HFC, yaani kundi la hiyo R134a. Shida yake inashika moto. Ndani zinakaa gramu chache tu kwahiyo kwa matumizi ya kawaida hamna noma, lakini fundi akija na mtungi wa R134a anataka kukujazia mkatalie kabisa, siyo gesi ya friji hii, na asichomelee bomba gesi ikiwa bado ndani.