Nimerudi kurekodi nyumbani kwa laki 6: kadi ya sauti, maiki na godoro la mwanangu

Haya wadau wangu, karibuni. Kabla sijawaonyesha chochote, tulieni kidogo msikilize. Mmesikia kitu? Hamna. Sasa naiwasha friji, subirini ishike... Hiyo hapo. Huo mngurumo nimerekodi nao wiki mbili nzima, nikidhani nimeuziwa kifaa kibovu. Nimerudi dukani, nimegombana na watu wa watu, kumbe mchawi yuko jikoni kwangu, kabeba maziwa na nyanya.

Kwa wageni wa hapa: mimi nilikuwa narekodi geto, Mbagala, mwaka 2008, 2009 huko. Kompyuta ya mezani, maiki ya plastiki, na Cool Edit Pro, programu ya kurekodia, kwenye CD ya kuchoma. Cool Edit yenyewe Adobe walishainunua tangu 2003 wakaigeuza Audition, ila Mbagala hiyo habari ilikuwa bado iko njiani. Tulirekodi humo humo. Mwaka 2016 nikauza vyote, ada ya shule haisubiri mtu. Mwaka huu nimejichanga, nimepata laki 6. Si laki 6 ya kuanzia halafu nyingine inakuja, hapana, ni hiyo tu. Video ya leo ni kuwaambia kila shilingi imekwenda wapi, na ipi imepotea bure.

Tuanze na hii nyekundu. Hii ndiyo kadi ya sauti, Focusrite Scarlett Solo, kizazi cha tatu, kile kilichotoka 2019. Kuanzia 2023 kuna kizazi cha nne, kwa hiyo wenye uwezo wanabadilisha, na sisi tunaokota walichoacha. Nimeichukua mtumba kwa shilingi 210,000. Kazi yake, kwa asiyejua: maiki inatoa umeme mdogo sana, hii inaukuza, inaugeuza kuwa namba, inazipeleka kwenye laptopu kwa waya wa USB. Basi.

Ukienda kununua ya mtumba usione haya. Mimi nilimwambia muuzaji, "Kaka, samahani, nimekuja na laptopu yangu." Nikachomeka palepale kaunta. Kitu cha kwanza ni hili tundu la USB-C la nyuma, ona ninavyolitikisa: lisicheze. Likicheza, kila ukijigusa kurekodi kunakata. Cha pili, zungusha hiki kitufe cha geini, yaani cha kukuza sauti ya maiki, polepole ukiwa umevaa hedifoni. Kikikwaruza kama mchanga, kirudishe. Cha tatu ni hii duara ya taa inayozunguka kitufe. Ukiongea inawaka kijani. Ukipiga kelele, haaaa! Mmeona nyekundu? Hapo sauti imepasuka, na iliyopasuka wakati wa kurekodi hairudi, hata umpe prodyuza gani.

Mtu wa zamani kama mimi ana ugonjwa wa kupandisha geini mpaka mwisho. Enzi zile tulilazimika, kwa sababu ukirekodi chini ulikuja kukuta mvumo umeizidi sauti. Sasa tunarekodi kwa biti 24, yaani kompyuta inaipima sauti kwa hatua ndogo sana, nafasi ya chini ni kubwa mno. Acha kilele cha sauti yako kicheze kwenye desibeli 12 chini ya sifuri, sifuri ikiwa ndipo sauti inapopasuka, imba kwa raha zako. Hili limenichukua mwezi mzima kulizoea, mkono unakwenda wenyewe.

Kilichonifanya niipende zaidi ni kwamba haina adapta. Inakula umeme wa laptopu kupitia waya huohuo. Nyie mnajua umeme wetu. Ukikatika, laptopu ina betri, kadi inakula kwenye laptopu, maiki yangu haihitaji umeme kabisa. Studio inaendelea. Na si kuendelea tu: friji imezima, feni zimezima, televisheni ya jirani na tamthilia zake imezima. Rekodi zangu mbili bora kuliko zote tangu nirudi nimeziimba gizani. Shida ni pale mwenye jenereta anapowahi kuliwasha, hapo huna ujanja.

Jambo la pili ni swichi hii ndogo ya kujisikiliza moja kwa moja. Laptopu yangu ni ya mtumba, RAM gigabaiti 4, ikizidiwa sauti inakatikakatika. Nikaweka bufa ya sampuli 512, yaani laptopu inakusanya kwanza vipande vidogo 512 vya sauti ndipo ivishughulikie. Piga hesabu: kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, hizo 512 ni karibu milisekunde 12 kuingia, na nyingine kama hizo kutoka. Unaimba neno, linakufikia masikioni limechelewa, unaanza kuimba kama mlevi anayefuata bendi. Ukiwasha hii swichi sauti yako inakwenda kwenye hedifoni bila kupita kwenye laptopu kabisa. Laptopu ichelewe itakavyo, wewe hayakuhusu.

Upungufu wake: tundu la maiki ni moja. Ukitaka kurekodi gitaa kwa maiki na sauti kwa maiki kwa pamoja, hii siyo. Mimi naimba peke yangu, haijaniuma.

Sasa maiki. Hapa ndipo pesa ilipopotea, naomba msogee karibu.

Nilitaka Shure SM58. Hii maiki ipo tangu 1966, mmeiona mikononi mwa wahubiri, kwenye harusi, kwenye mikutano ya siasa, kila mahali. Nikaikuta sehemu moja mjini kwa shilingi 60,000, mpya, na boksi lake. Moyo ukaniambia, "Dada, kimbia." Sikukimbia. Nimefika nyumbani, sauti imefifia kama mtu anaongea akiwa kajifunika shuka. Nikaipeleka dukani kwa Mangi, nikamwomba anipimie kwenye mzani wake wa sukari. Akacheka, "Mama, leo unauza maiki kwa kilo?" Gramu 231. Halisi ni gramu 298 hivi. Hizo gramu zilizopungua ni vitu ambavyo hawakuviweka ndani.

Lakini uzito peke yake usiuamini, kuna wajanja wanajaza chuma. Fungua kichwa, kinazungushwa tu, hivi... Hii ndiyo feki. Ona nyaya zake: nyekundu na nyeusi, nyembamba kama uzi, zimelehemewa kama aliyefanya alikuwa anawahi daladala. Sasa hii halisi, niliyoipata baadaye kwa mwimbaji wa kwaya aliyekuwa anauza. Nyaya mbili, ya njano na ya kijani, zimekaa kwa adabu. Na ndani ya mpini halisi ina transfoma, feki hii imejaa hewa tu. Nimelipa shilingi 190,000 na imepondeka wavu hapa pembeni, ilishaanguka hiyo. Haijalishi. Wavu unanyooshwa.

Ninajua swali lenu: mbona hukununua kondensa, maiki zile zenye usikivu mkali, kama ile BM-800 ya rangi ya dhahabu inayopendeza kwenye video, na bei yake ni ndogo? Niliazima moja. Sikilizeni, nimeimba mstari uleule, saa ileile, dirisha lilelile. Hii ya kwanza ni kondensa... Mmesikia sauti yangu inavyong'aa? Nzuri, sibishi. Na bodaboda mmeisikia? Na kuku? Na yule mama anayeita maji? Sasa SM58... Sauti imepungua kung'aa, ila bodaboda imebaki huko barabarani ilikotoka. Kondensa inasikia kila kitu, na mtaa wangu una kila kitu. Ukiwa na chumba kilichotulia, ichukue, usinisikilize. Ukiwa unaishi kama mimi, chumba na sebule, dirisha la nyavu, dari ya jipsamu nusu, utakuwa unanunua masikio makali ya kusikilizia majirani.

Kuna namna ya kuitumia hii. Imba ukiwa mbali kiasi cha ngumi moja, si kwa kuibusu. Ukiibusu besi inafura. Halafu SM58 mgongoni haisikii vizuri, kwa hiyo mgongo wa maiki uangalie dirishani. Watu wengi wanafanya kinyume: wanaimba wakiwa wamelipa dirisha kisogo, maiki inawatazama wao pamoja na barabara yote nyuma yao.

Hilo linanileta kwenye godoro. Maiki inatazama uso wako, na nyuma ya uso wako kuna ukuta. Huo ukuta ndio unaorudisha mwangwi kwenye maiki. Weka kitu kizito nyuma ya mwimbaji, si nyuma ya maiki. Mimi nainua godoro la mwanangu la inchi 6, nalisimamisha kwenye kona, nasimama mbele yake nikiwa nimelipa mgongo. Pigeni makofi na mimi: hapa katikati ya chumba... pa! Kuna kamlio kanabaki. Hapa mbele ya godoro... pa! Kamekufa. Gharama ni sifuri, ila muwe mnalirudisha kabla ya saa 3 usiku, kuna mtu analia usingizi.

Trei za mayai, samahani wadau, nazijua, nimebandika trei 90 mwaka 2009 kwa mikono hii. Ni karatasi nyepesi. Zinagusa kidogo zile sauti kali za juu, mwangwi mzito unapita kama hazipo, na kelele ya nje haizijui kabisa. Kazi pekee zilizonifanyia ni kuwapa mende makazi. Khanga na vitenge ukutani nazo ni pambo. Blanketi zito lililokunjwa mara mbili, hilo sawa.

Vingine haraka. Waya wa maiki, wa XLR, 25,000, stendi 30,000, hedifoni za kuziba masikio 45,000, zisizovujisha mdundo kwenye maiki. Kichujio cha kuzuia "p" na "b" zisipige maiki nimetengeneza kwa hanga ya waya na soksi ndefu. Spika sina. Nikimaliza miksi nasikiliza kwenye simu, halafu kwenye sabufa ya sebuleni. Sabufa inadanganya besi, najua, lakini nyimbo zangu zitapigwa kwenye sabufa, kwa hiyo acha idanganye mbele yangu kwanza.

Programu ya kurekodia natumia Reaper. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yuleyule aliyetengeneza Winamp ya kupigia nyimbo kwenye kompyuta, na wa rika langu hapo mmetabasamu. Faili la kupakua halifiki megabaiti 30, hata bando la siku linatosha, na kwenye laptopu yangu ya RAM 4 inakimbia. Unapewa siku 60 za kujaribu. Zikiisha haijifungi, inakukumbusha tu kila ukiifungua kwamba hujalipa. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kama laki moja na nusu na kitu. Mimi niko siku ya 41. Nimebakiwa na shilingi 40,000 kwenye ile laki 6, ukitoa na zile 60,000 za feki, na nimeanza kuzichangia elfu 10 kila wiki ili nilipe leseni. Kama tunataka watu walipie nyimbo zetu, mimi siwezi kuchukua flashi ya mtu yenye programu za wizi. Na virusi juu.

Kuna mdau mmoja alinitumia sauti yake ina mlio wa "mmmm" chini chini, akauliza ni maiki? Kaka, chomoa chaja. Umeme wetu ni hezi 50, na zile chaja zilizobadilishiwa plagi ya pini mbili hazina waya wa ardhi, zinaingiza mlio huo kwenye sauti. Rekodi kwa betri, mwishowe ndio uchaji. Kwangu ulipotea palepale.

Na kama huna laki 6, una simu tu? Weka BandLab, programu ya kurekodia kwenye simu, ni ya bure, jifunike blanketi zito wewe na simu, imba. Utatoka jasho la kutosha. Demo ya kumpelekea prodyuza inatoka, nimeshafanya hivyo mwa...

Eh! Mmeona? Umeme huo umekwenda. Hamnioni, ila naamini mnanisikia bado, maana hii kamera ni simu na maiki inaingia kwenye laptopu. Ngoja... Feni ya jirani inapunguza mwendo... imesimama. Tamthilia imekatika katikati ya ugomvi. Jenereta la upande wa pili bado kimya.

Laptopu inasoma asilimia 71. Wadau, komenti nitajibu kesho. Naenda kubeba godoro.